Mtungi wa Kitanda cha Sita

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye cheti, na huko ndiko lilikobaki. Kazini aliitwa Dada Robo, na sababu haikuwa siri. Kwa miaka kumi na minane, kila muuguzi mpya aliyepita mikononi mwake alifundishwa kufungua mtungi wa oksijeni kwa namna moja tu: zungusha gurudumu mpaka mwisho, kisha rudisha robo. Si nusu, si kidogo, robo. Gurudumu lililokazwa mpaka mwisho, alisema, humdanganya anayekuja baada yako. Atalishika, litagoma, hatajua kama limefungwa au limefunguliwa, na akiwa na haraka atalilazimisha. Robo ile ni salamu unayomwachia mwenzako. Wanafunzi walimcheka, wakaiga mwendo wake, wakampa jina. Baadaye nao walipopata wodi zao, wakawa wanarudisha robo na kuwasumbua wengine kwa hilo hilo.

Gonjwa lilipoingia, jina likapata kazi nyingine. Wauguzi wote sasa walivaa mavazi meupe ya plastiki kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, na kioo usoni, hata mke asingemtambua mumewe. Basi kabla ya kuingia, mwenzako alikuandika kwa kalamu ya wino mzito, mgongoni na kifuani. Huyu MREFU, yule KICHEKO, na yeye DADA ROBO. Wagonjwa hawakuwahi kuziona nyuso zao. Waliwajua kwa maandishi na kwa sauti, na sauti ya Dada Robo, wacha tuseme ukweli, ilisikika hata na waliokuwa hawataki.

Watu wa nje waliwaita mashujaa. Neno zuri, lakini halilali badala yako. Wiki ya sita msimamizi wa wodi, ambaye wote walimwita Sista, alimwita pembeni akampa siku tano za kupumzika. Alikataa. "Nikikaa nyumbani nitafanya nini, nihesabu mabati?" alisema. "Wape hao wadogo, ndio wanaolia chooni."

Yeye hakulia chooni. Yeye alihesabu pumzi. Alimhesabu mumewe akikoroma upande wa pili wa ukuta, akamhesabu muuza mboga aliyemrudishia chenji, akamhesabu mtangazaji wa redio. Na kulikuwa na mambo mengine ambayo hakumwambia mtu. Alinawa mikono, akageuka, akasimama katikati ya chumba asijue kama amenawa. Akanawa tena. Juzi aliitafuta simu yake nusu saa, akaikuta kwenye kopo la sukari. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo. Huyu hata kujipima hakutaka.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja kubwa la kioo lililoitenga na ofisi ya Sista. Upande wa wagonjwa uliitwa upande mchafu, ule wa Sista upande safi, na karatasi iliyoingia uchafuni haikutoka. Ukitaka jambo liingie kwenye faili, uliliandika, ukalibandika kwenye kioo kwa kiganja, na Sista akalinakili akiwa ng'ambo. Mambo madogo ya kujikumbusha uliyaandika kwenye plasta iliyobandikwa mkononi, juu ya vazi. Zamu ikiisha vazi lilivuliwa likatiwa kwenye pipa la kuchomwa moto, na plasta yako humo humo.

Kitanda cha tano alilala fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa makamo mwenye vidole vyenye makovu ya cheche. Alikuwa na siku tisa mle ndani, na alishaanza kupata nafuu kiasi cha kulalamika, ambayo kwa muuguzi ni habari njema. Asubuhi ile alikuwa amemwambia Dada Robo kwamba kitanda chake kimeungwa vibaya na aliyekiunga ni mwizi.

"Nikitoka hapa naja kukirudia, bure," alisema.

"Toka kwanza, Fundi."

"Nitatoka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Jirani yake wa kitanda cha sita alikuwa dereva wa lori, jitu la watu, aliyelazwa kifudifudi ili mapafu yake yapate nafasi. Huyo hakuwa na la kusema. Aliishi kwa mtungi. Kati ya mtungi na pua zake palikuwa na chupa ndogo ya maji, na hewa ilipopita maji yalitoa mapovu. Mapovu yakiwepo, hewa ipo. Hata mfagiaji alilijua hilo.

Saa saba na nusu mchana mtungi wa dereva ulikaribia kuisha. Dada Robo akavuta mwingine uliojaa. Akafunga ule wa zamani, akakitoa kichwa chenye kipimo, akakiweka kwenye mpya, akakikaza. Wakati huo huo bibi wa kitanda cha nne aling'oa barakoa yake ya oksijeni, akaanza kushuka kitandani, anasema anakwenda kumfungia mbuzi wake. Dada Robo akamkimbilia. Alipomtuliza, daktari akagonga kioo akitaka vipimo vya kitanda cha kwanza mpaka cha nne. Alipomaliza vipimo, saa nane ilikuwa imefika, na Mrefu, kijana wa zamu ya mchana, alikuwa amekwisha vaa. Wakabadilishana mlangoni, Dada Robo akavua, akatupa, akaoga, akaenda zake.

Nyumbani hakuingia ndani. Tangu gonjwa lianze alilala kwenye chumba cha stoo kilichokuwa uani, na chakula kiliwekwa juu ya stuli. Mumewe, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alikuwa amegeuza daftari la mahudhurio kuwa la joto la mkewe. Kila alasiri alisimama dirishani na kalamu.

"Umepima?"

"Thelathini na sita nukta nne."

"Yupo," mume akasema, akatia tiki. Binti yao wa miaka saba, aliyekuwa nyuma yake, akauliza kama leo mama ataingia ndani. Akaambiwa bado.

Dada Robo akainama kwenye beseni kufua sare yake. Akatia sabuni, akasugua, mapovu yakapanda. Akayatazama mapovu yale, na mkono ukasimama ndani ya maji. Je, chupa ya dereva ilikuwa na mapovu?

Akakumbuka kukaza kichwa cha mtungi. Akamkumbuka bibi na mbuzi wake. Katikati ya mambo hayo mawili palipaswa kuwa na kitu kimoja, mkono wake juu ya gurudumu, na alipopatafuta hapo hapakuwa na kitu. Kisha akakumbuka kufungua. Alilihisi gurudumu kabisa, baridi yake kupitia glavu mbili, mpaka mwisho, rudi robo. Lakini huo ulikuwa mtungi wa leo, au wa jana, au wa juma lililopita? Alikuwa amefungua mitungi mia kadhaa na yote ilikuwa sawasawa. Angeitazama plasta yake, lakini plasta ilikuwa pipani, pengine imeshakuwa majivu. Kama hakufungua, basi saa mbili zilikuwa zimepita, na mtu hakai saa mbili bila hewa.

Alipiga simu ya wodi mara tatu ndipo Sista akapokea.

"Sista, wa sita anaendeleaje?"

"Dereva? Yupo. Oksijeni ya damu tisini na nne. Anakoroma tu."

"Mtungi wake uko sawa? Unapita?"

"Usingepita angekoroma? Wewe kula, ulale. Anayetupa kazi leo ni jirani yake, yule fundi wako." Sista akashusha pumzi. "Mrefu alipoingia tu kamkuta kakaa kwenye kitanda cha dereva, barakoa yake kaiacha huko kwake, anahema kama kapandishwa mlima. Kapimwa, themanini na moja. Kuulizwa, anasema eti mtungi wa mwenzake ulikuwa umefungwa. Mrefu kautazama, uko wazi. Sasa hewa imempanda kidogo, lakini bado anang'ang'ania maneno yale yale. Kachanganyikiwa. Daktari anasema saa kumi na moja ahamie chumba cha ndani."

Dada Robo akasema sawa, akakata simu. Roho ilikuwa imemshuka mahali pake. Dereva mzima, mtungi wazi. Alikuwa ameufungua, mkono wake ulikuwa unajua kazi hata kichwa kikiwa mbali. Akaketi, akavuta sahani, akala matonge mawili. La tatu akalirudisha kwenye sahani.

Chumba cha ndani kilikuwa na mashine kubwa, na watu walihamishiwa huko hewa ya kawaida iliposhindwa kuwatosha. Katika majuma mawili walikuwa wamewaingiza tisa, na waliotoka kwa miguu yao ni wawili. Humpeleki huko mtu aliyekuwa asubuhi anakosoa maungio ya kitanda. Lakini kweli, gonjwa hili lilikuwa likibadilika ghafla, na mtu akikosa hewa akili ndiyo hutangulia kuondoka. Na mtungi uko wazi, Mrefu kautazama. Na Fundi anasema ulikuwa umefungwa. Mmoja kati yao alikuwa amechanganyikiwa, na Dada Robo, kila alipojaribu kuchagua, hakuweza kujiondoa kwenye hesabu.

Akavaa sare ya akiba. Mumewe alimwona akitoka.

"Zamu si imekwisha?"

"Nimesahau kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui kama nimekisahau."

Mwalimu aliutafakari usemi huo. "Basi ujue kwanza, ndipo uende."

"Nikisubiri kujua nitakuwa nimechelewa," alisema, akaenda, na njia nzima alitembea haraka bila kuona alichokipita.

Njiani lakini alipata wazo, na wazo hilo lilimpa nguvu. Gurudumu lenyewe litasema. Kama lilifunguliwa na yeye, litakuwa limerudishwa robo. Kama lilifunguliwa na fundi wa kuchomelea, litakuwa limekazwa mpaka mwisho, maana hao na mitungi yao ndivyo wafanyavyo. Fundi mwenyewe alikuwa amembishia kuhusu hilo siku ya tatu. Hakuhitaji kukumbuka. Alihitaji kushika tu.

Saa kumi na nusu alikuwa mlangoni mwa ofisi. Sista akamtazama juu ya miwani.

"Wewe hujui kwenu?"

"Nataka kumwona Fundi kabla hajahamishwa. Dakika tano, Sista."

Sista alikuwa amechoka mno kubishana. Akamsaidia kuvaa, akamwandika kifuani na mgongoni kwa mkono wake mwenyewe.

Ndani, Mrefu alikuwa na bibi wa mbuzi. Dada Robo hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa kitanda cha sita, mapovu yakichemka kwenye chupa, akashika gurudumu. Akalisukuma taratibu kuelekea kufungua. Likaenda. Likaenda robo, kamili, likagota. Akalirudisha lilipokuwa.

Robo. Ilikuwa yake. Machozi yakamjaa ndani ya kioo na hakuwa na namna ya kuyafuta. Alikuwa ameufungua, hakuwa amemwua mtu, hakuwa amekaribia kumwua mtu. Alisimama pale akiwa ameushika mtungi wa watu kama ndugu aliyerudi safari. Ndipo jambo la pili likamfikia, kwa kuchelewa. Kama yeye alifungua, basi Fundi aliona kisichokuwepo. Basi Fundi kweli amechanganyikiwa, na kweli anapaswa kwenda chumba cha ndani. Furaha yake na safari ya yule mtu vilikuwa kitu kimoja.

Akasogea kitanda cha tano. Fundi alikuwa amelala chali, barakoa imebanwa, macho yamefumba. Dada Robo akaanza maswali wanayoulizwa waliochanganyikiwa.

"Fundi. Uko wapi hapa?"

"Kwenye kitanda kibovu."

"Leo siku gani?"

Fundi akafumbua macho. "Wewe unaijua?"

Akafungua mdomo amjibu, na hakuwa nayo. Jumanne. Au Jumatano. Alijaribu kuhesabu kutoka siku aliyofua shuka, akapotea. Fundi akamngojea kwa adabu, kisha akampungia kidole asogee, kwa sababu maneno yake yalikuwa yanatoka machache machache.

"Dada Robo. Nimerudisha."

"Umerudisha nini?"

"Robo. Kwenye gurudumu la mwenzangu." Akavuta hewa. "Chupa ilikuwa haichemki. Nimeita. Ulikuwa na bibi, mbuzi wamekushika. Hakuna aliyesikia. Nikashuka." Akavuta tena. "Sisi kwetu tunafungua mpaka mwisho, tunaacha. Lakini siku tisa nakusikia unavyowapigia kelele hawa. Nikasema nisije nikagombezwa."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata.

Dada Robo alibaki ameinama. Alishika ukingo wa kitanda. Ushahidi wake wote ulikuwa robo moja, na robo yenyewe alikuwa ameigawa bure kwa kila mwenye masikio. Hatua tatu, kutoka kitanda cha tano mpaka cha sita. Alizihesabu kwa macho. Mtu aliyekuwa ndio kwanza anapata nafuu alikuwa amevua hewa yake mwenyewe akazitembea hatua hizo, akafungua, akarudisha robo, akaishiwa. Naye Dada Robo wakati huo alikuwa mita nne kutoka hapo, ameupa mgongo ule mtungi wa kimya.

Na sasa, tusimtie utakatifu asio nao. Aliwaza. Aliwaza kwamba hakuna ajuaye. Mrefu aliukuta mtungi wazi. Maneno ya Fundi yalikwisha andikwa kuwa ni ya mtu asiye na akili timamu, na atakayoyasema tena yatawekwa kwenye kapu lile lile. Miaka kumi na minane. Watu wangapi wamepona mikononi mwake, nani alimhesabia? Aliutazama mlango wa chumba cha ndani. Uliwekewa tayari kitanda cha magurudumu, na saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi na moja. Pengine huko ndani wangempima, wakaona yuko sawa, wakamrudisha. Pengine. Wawili kati ya tisa.

"Umenyamaza," Fundi akasema.

"Nafikiri."

"Fikiri haraka. Wananiambia nahama, sijui kosa langu."

Akachukua karatasi mezani. Akaandika, akaiandika upya mara mbili, kwa herufi kubwa ili Sista asome kutoka ng'ambo. WA TANO HAJACHANGANYIKIWA. NILIBADILISHA MTUNGI WA SITA NIKASAHAU KUUFUNGUA. YEYE NDIYE ALIYEUFUNGUA. ASIHAMISHWE. Chini yake akatia sahihi, na kwa sababu ambayo hakuielewa mwenyewe, hakuandika Dada Robo. Aliandika lile jina la kwenye cheti, majina yote matatu.

Akaibandika kwenye kioo kwa kiganja. Sista akainua macho, akasogea, akasoma. Alipofika chini alikunja uso. Kwa muda alionekana hajui huyo ni nani. Akatazama maandishi kifuani mwa aliyesimama mbele yake, akarudi kwenye karatasi, akaisoma tena kuanzia juu. Dada Robo hakuuondoa mkono. Alihisi kama amesimama uchi mbele ya dirisha, ingawa mwilini alikuwa na nguo tano.

Sista alirudi mezani kwake. Akaketi, akavuta faili la kitanda cha tano, akaanza kunakili, neno kwa neno, na jina. Kisha akanyanyua simu, akaongea na mtu, akasikiliza, akaongea tena kwa ukali kidogo. Alipomaliza, akaandika naye karatasi yake akaibandika upande wake wa kioo, sambamba na ile nyingine. HAHAMI. KESHO TUTAONGEA NA MKUU. Na chini, kwa herufi ndogo zaidi: Zile siku tano, sikuulizi tena.

Dada Robo akatikisa kichwa kukubali. Hakujua kama anachokisikia ni aibu au ni usingizi. Vyote viwili vilikuwa vizito, na vilikuwa vimekaa pamoja kifuani asiweze kukitenga kimoja.

Kabla ya kutoka alipita kitanda cha sita. Dereva alikoroma. Akashika gurudumu, mpaka mwisho, rudi robo. Akatazama mapovu. Akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama. Akageuka kuutazama mtungi, kisha mkono wake, kisha mtungi.

"Fundi," alisema. "Nimerudisha?"

Fundi akainua kidole gumba chenye makovu. "Umerudisha. Nimekuona. Nenda kalale."